MAJI YALIYOSAFISHWA NA HUKUMU YAKE
Somo kutoka mji wa Johannesburg

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni yakawa ni twahara na uhai kwa waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa masuala yanayoulizwa sana katika zama hizi, khasa na jamaa wanaoishi katika miji ya Ghuba, ni hili: Je, maji yaliyokuwa machafu, kisha yakasafishwa kwa mitambo, yanafaa kutawadhia na kukogea janaba? Na je, yanafaa kunywewa? Suala hili si dogo. Mwenye kutawadha kwa maji yaliyo najisi hana sala, na mwenye kuyaacha maji yaliyo twahara akatayamamu bila ya udhuru, naye pia hana sala. Juu ya hayo, mwenye kumnywesha mtoto wake maji yenye madhara amemdhulumu, hata kama maji hayo ni twahara. Basi hapana budi suala hili lifahamike kwa elimu, wala lisijibiwe kwa karaha ya nafsi wala kwa kudhania.

Ili lifahamike vyema, somo hili linauchukua mji mmoja kuwa ni mfano, nao ni mji wa Johannesburg katika nchi ya Afrika Kusini. Katika mji huo na vitongoji vyake zimekutana aina mbili za maji yaliyoharibika: maji ya machimbo ya dhahabu na maji machafu ya majumbani. Kila moja ina hukumu yake, na atakayeifahamu tofauti iliyopo baina yake atakuwa amekwisha kulifahamu somo zima.

1. MJI USIO NA MTO

Miji mingi mikubwa ya dunia imejengwa penye mto, au ziwa, au pwani. Johannesburg haikujengwa kwa ajili ya maji. Ilijengwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu iliyoonekana katika miamba ya Witwatersrand, juu ya mgongo wa ardhi ulio kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini wa mgongo huo hushukia mto Jukskei, kisha mto Crocodile na Limpopo, mpaka Bahari ya Hindi. Inayonyesha upande wa kusini hushukia mto Klip, kisha Vaal na Orange, mpaka Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mji umekaa mahali ambapo maji huondoka, si mahali yanapofikia.

Watu walipozidi, visima na chemchemi hazikutosha. Mwaka 1903 iliundwa idara ya maji ya Rand, ambayo leo inajulikana kwa jina la Rand Water, na mwaka 1938 likakamilika Bwawa la Vaal. Maji ya bwawa hilo husukumwa kwa pampu kupanda zaidi ya mita 300 mpaka yaufikie mji. Nayo pia hayakutosha. Mwaka 1986 Afrika Kusini ilifunga mkataba na nchi ya Lesotho, likajengwa Bwawa la Katse milimani, na zikachimbwa njia za chini ya ardhi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 80. Mwaka 1998 maji ya Lesotho yakaanza kuingia katika Afrika Kusini. Na mwezi wa Oktoba 2024 njia hizo zilipofungwa kwa miezi kadhaa ili zifanyiwe matengenezo, kila mtu alitambua jinsi mamilioni ya watu wanavyotegemea uzi mmoja.

Mji ulio katika hali kama hiyo hulazimika kuyatazama maji ambayo zamani yalihesabiwa kuwa ni taka. Na hali ya miji ya Ghuba haiko mbali na hiyo, kwani Maskati tangu mwaka 1976 inaondoa chumvi katika maji ya bahari kule Ghubra. Lau si mitambo, miji hiyo isingeliweza kubeba hata sehemu ndogo ya watu iliyonao leo.

2. MAJI YA MACHIMBO

Machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand yameteremka chini kwa zaidi ya kilomita 3 mahali pengine, na mashimo yake yameunganika chini ya ardhi kwa masafa marefu. Ndani ya miamba yenye dhahabu mna madini mengine ya chuma na kiberiti yanayoitwa paireti. Madini hayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali kali, na tindikali hiyo huyeyusha chuma, manganizi, hata urani, vikachanganyika na maji.

Wakati machimbo yalipokuwa yakifanya kazi, wenye nayo walikuwa wakiyatoa maji kwa pampu mchana na usiku. Dhahabu ilipopungua, wakafunga na pampu zikasimama, nayo maji yakaanza kupanda taratibu katika mashimo. Mwezi wa Agosti 2002 yalifurika juu ya ardhi karibu na Randfontein na Krugersdorp, magharibi ya Johannesburg, yakiwa na rangi nyekundu ya kutu, yakaingia katika kijito cha Tweelopiespruit na katika mbuga ya wanyama ya hapo. Upande wa kati, pampu za mwisho zilisimama mwaka 2008, na maji yakawa yanapanda chini ya mji wenyewe. Baada ya jopo la wataalamu kutoa ripoti yake mwaka 2010, serikali iliamrisha vijengwe vituo vitatu: magharibi kule Randfontein, katikati kule Germiston, na mashariki kule Springs. Kazi hiyo ilitimizwa baina ya miaka 2012 na 2017.

Katika vituo hivyo maji hutolewa kwa pampu, yakatiwa chokaa ili kuivunja tindikali, na madini mazito yakatuama pamoja na tope. Maji yanayobaki humwagwa mitoni. Lakini ieleweke kwamba kazi hiyo ni nusu ya dawa. Chokaa huondoa ukali na madini, wala haiondoi chumvi za salfeti, na chumvi hizo hushuka mpaka mto Vaal. Ndipo inapolazimu kufungulia maji mazuri ya Bwawa la Vaal ili kuyapunguza makali ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Maana yake ni kwamba maji matamu yaliyoletwa kwa gharama kubwa hutumika kuoshea maji mabaya.

Dawa kamili inajulikana, nayo ni kuyasukuma maji hayo kwa nguvu yapite katika utando mwembamba sana unaozuia chumvi, kwa njia ile ile inayotumika kwa maji ya bahari. Mfano wake uko eMalahleni, katika jimbo la Mpumalanga, mashariki ya Johannesburg, penye machimbo ya makaa ya mawe. Tangu mwaka 2007 kituo cha hapo kinayasafisha maji ya machimbo mpaka yakawa ya kunywewa na watu wa mji. Uwezo wake uliongezwa baadaye hadi kufikia lita milioni 50 kwa siku, na jasi inayotoka katika maji hayo imetumika kutengenezea matofali ya kujengea nyumba.

3. MAJI MACHAFU YA MAJUMBANI

Aina ya pili ni maji ya vyooni, mabafuni na jikoni. Johannesburg ina vituo sita vya kuyasafisha, na kilicho kikubwa kuliko vyote kiko kaskazini, upande wa Diepsloot. Kazi yake huenda kwa daraja. Kwanza huchujwa takataka na mchanga. Kisha maji huachwa yatulie ili uchafu mzito utuame. Halafu hupelekwa katika mabirika makubwa yenye vijidudu vinavyoula uchafu, na hewa hutiwa humo kwa mashine ili vijidudu hivyo viishi. Baadaye maji hutuama tena, na mwisho hutiwa dawa ya kuua vijidudu vya maradhi. Wahandisi wa mji huo walisifika kwa elimu hii, hata mpangilio mmoja wa kusafisha maji kwa vijidudu unaitwa duniani kwa jina la Johannesburg.

Sehemu ya maji yaliyosafishwa hivyo imekuwa ikipelekwa kupozea mitambo ya umeme, na sehemu kubwa humwagwa mitoni. Lakini haikuwa kawaida ya mji huo kuyarejesha moja kwa moja katika mabomba ya kunywa. Waliotangulia katika jambo hilo ni jirani zao wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Tangu mwaka 1968 kituo cha Goreangab kinayasafisha maji machafu ya mji mpaka yakawa ya kunywa, na mwaka 2002 kikajengwa kituo kipya kilicho kikubwa zaidi. Katika Afrika Kusini yenyewe, mji mdogo wa Beaufort West ulifanya hivyo mwaka 2011 baada ya ukame mkali.

4. HUKUMU YA TWAHARA

Asili ya maji ni twahara. Imepokewa katika Musnad ya Imamu Rabii bin Habib kwamba Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa maji ni twahara, wala hayanajisiki ila kwa kile kilichoigeuza rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Wanavyuoni wameafikiana kwamba maji yakigeuzwa na najisi katika moja ya sifa hizo tatu huwa ni najisi, yakiwa mengi au machache. Wamekhitilafiana katika maji machache yaliyoingiwa na najisi bila ya kugeuka. Wako waliosema yamenajisika, na wako waliosema yamebaki katika asili yake.

Suala la hapa ni jengine: maji yamekwisha kunajisika kwa kugeuka, kisha mageuko yale yakaondoka. Je, twahara inarudi? Jawabu ni kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Sababu ya unajisi ilikuwa ni mageuko. Maji mengi yakiondokewa na mageuko hayo, kwa kukaa muda mrefu, au kwa kuongezewa maji mengine, au kwa kutolewa uchafu wake, hurudi katika asili. Mfano wake ni ulevi: ukigeuka wenyewe ukawa siki, hukumu yake hugeuka, kwani kile kilichoharamishwa hakipo tena.

Juu ya kanuni hiyo, Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia lilitoa uamuzi mwaka 1398 Hijria (1978) kwamba maji machafu yaliyosafishwa kwa ukamilifu, mpaka yasibakie athari ya najisi katika rangi, tamu wala harufu, ni twahara, na kwamba yanafaa kutawadhia. Ama kuyanywa, wakaona yanajuzu ikiwa hayana madhara, na kujiepusha nayo ni bora pasipo na dharura. Na mwaka 1409 Hijria (1989) Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu huko Makka likapitisha kwamba maji hayo ni twahara na huondoa hadathi na najisi, ingawa mmoja wa wajumbe alikhitilafiana na wenzake. Mabaraza hayo si ya Kiibadhi, lakini kanuni waliyoijengea ndiyo hiyo hiyo ya sifa tatu.

Kwa hiyo, mtu wa Windhoek au wa Beaufort West anayetawadha kwa maji ya bomba lake, udhu wake ni sahihi, wala hana haja ya kutia shaka. Dawa inayotiwa majini ili kuua vijidudu haiyatoi maji katika jina la maji, madhali haikuyageuza mpaka yakaitwa kitu chengine.

5. MASUALA MAWILI YASICHANGANYWE

Sasa na yarejewe yale maji mekundu ya machimbo. Je, ni najisi? La. Hayakuingiwa na mkojo, wala damu, wala mzoga. Yamegeuzwa na miamba yaliyokaa ndani yake, na wanavyuoni wamesema kwamba maji yaliyogeuzwa na udongo, chumvi au kiberiti cha mahali pake hayatoki katika twahara. Nguo iliyorushiwa maji hayo haikunajisika. Lakini maji hayo huua samaki, huteketeza mimea na hudhuru wanaadamu.

Na maji ya vyooni yaliyosafishwa kwa ukamilifu yalikuwa najisi kwa yakini, lakini sasa ni twahara, na yakipimwa huenda yakaonekana ni salama kuliko ya visima vingi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba kila kilicho twahara ni salama, na kwamba kila kilichokuwa najisi ni hatari milele. Ukweli ni kwamba haya ni masuala mawili. La kwanza ni la twahara, na kipimo chake ni kile kilichowekwa na sharia: rangi, tamu na harufu. La pili ni la madhara, na kipimo chake kiko kwa wenye elimu yake, yaani matabibu na wapimaji wa maji, kwani vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa jicho wala havina harufu. Muislamu analazimika kuyajibu yote mawili. Maji yakiwa twahara nayo yana madhara yaliyothibitishwa na mtaalamu mwaminifu, haijuzu kuyanywa wala kuwanywesha wengine. Na ikiwa kuyagusa kwenyewe kunadhuru, basi hapo ndipo ulipo udhuru wa kutayamamu kwa asiyekuwa na maji mengine.

6. HAKI YA ALIYE CHINI

Watu wa Omani wanaijua hukumu hii kwa macho yao kabla ya kuisoma vitabuni. Falaji linapoingia kijijini, mahali pa mwanzo ni pa kuteka maji ya kunywa, wala hapaguswi kwa kuoga wala kufua. Kisha hufuata mahali pa kutawadhia na kuogea, halafu ndiyo maji huingia mashambani kwa zamu zilizopangwa. Kwa utaratibu huo aliye juu hamchafulii aliye chini, na aliye chini hanyimwi zamu yake. Mwaka 2006 mafalaji matano ya Omani, miongoni mwao Falaji Daris la Nizwa, yaliandikwa katika orodha ya turathi za dunia. Asili ya utaratibu huo ni katika Sunna. Alipoletewa kesi ya Zubeir na mtu wa Ansari juu ya maji ya kumwagilia, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zubeir amwagilie, kisha amwachilie jirani yake. Na amekataza mtu kujisaidia penye vyanzo vya maji.

Basi itazamwe Johannesburg kwa mizani hiyo. Iko juu ya wote. Maji ya upande wa kusini huingia mto Vaal, na watu wa mji wa Parys wako chini yake. Ya upande wa kaskazini huingia katika Bwawa la Hartbeespoort, ambalo kwa miaka mingi limefunikwa na magugu yanayolishwa na uchafu wa miji ya juu. Kituo kikiharibika na kisitengenezwe, anayedhurika si aliyekiharibu. Mwezi wa Mei 2023 kipindupindu kilizuka Hammanskraal, kaskazini ya Pretoria, wakafa watu zaidi ya 20. Wachunguzi hawakuweza kukithibitisha chanzo chake kwa yakini, lakini ilikuwa inajulikana tangu miaka ya nyuma kwamba maji ya mabomba ya hapo hayakufaa kunywewa, na kwamba kituo cha maji machafu kilicho juu yake hakifanyi kazi ipasavyo.

Ndiyo maana kusafisha maji ni amana. Mhandisi anayeandika kwamba maji yamepimwa nayo hayakupimwa amesema uongo unaoua. Na mwenye kuchimba dhahabu akachukua faida yake, kisha akaondoka na kuwaachia walio chini tindikali, amevunja kanuni ya sharia isemayo kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara.

7. MAMBO YA KUFANYWA MAJUMBANI

Kabla ya kutafuta maji mapya, yahifadhiwe yaliyopo. Kwa takwimu za miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayoingia katika mabomba ya Johannesburg hayalipiwi, na sehemu kubwa yake humwagika kwa mabomba yaliyotoboka. Mji unaoleta maji kutoka nchi nyengine humwaga njiani kiasi kikubwa cha maji hayo. Nyumba nayo ni mji mdogo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, nacho hakifiki lita moja, na akikoga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Bomba likiachwa wazi, kiasi hicho hupita kabla mtu hajamaliza kusukutua.

Pili, maji ya mvua yakingwe, kila panaponyesha. Hayo ni twahara kwa asili yake. Yanayoshuka mwanzo kutoka darini yaachwe yapite, kwani hubeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Tatu, maji yanayodondoka katika viyoyozi, ambayo katika nyumba za Ghuba hujaza ndoo kila siku wakati wa joto, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, kama umande. Ni twahara, yanafaa kutawadhia, kufulia na kumwagilia miti. Yasinywewe, kwa sababu ya vumbi na vyuma vya mashine.

Nne, maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni twahara, ijapokuwa kwa kauli mashuhuri hayatawadhiwi tena. Yakikusanywa yakapelekwa kwenye mitende au bustani ya msikiti, hapana kilichopotea.

Tano, maji yaliyosafishwa yanayomwagiliwa bustani za barabarani katika miji ya Ghuba yametengenezwa kwa ajili ya miti. Watoto wakatazwe kuyanywa. Yakimrushia mtu nguo, nayo hayana rangi wala harufu ya uchafu, nguo ni twahara. Ikisikika harufu ya najisi, ioshwe.

8. KHITIMISHO

Katika Suratul Mulk, Mwenyezi Mungu amewauliza waja Wake ni nani atakayewaletea maji ya chemchemi iwapo yao yatadidimia chini ya ardhi. Jawabu ya muumini ni kwamba hapana isipokuwa Yeye. Lakini jawabu hiyo haimwondolei mja wajibu wa kufanya kazi. Elimu ya kusafisha maji ni neema Yake, na kuishukuru ni kuitumia kwa uaminifu, ili anayetawadha apate twahara, na anayekunywa apate siha, na aliye chini apate haki yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni sifa zipi tatu zinazotazamwa katika kuhukumu twahara ya maji?
2. Kwa nini maji ya machimbo ni twahara, nayo haifai kuyanywa?
3. Ni sababu gani inayoyarejesha katika twahara maji machafu yaliyosafishwa?
4. Linganisha utaratibu wa falaji na hali ya watu wa Parys. Ni haki gani iliyo sawa katika yote mawili?
5. Mzazi na wanawe wapime kwa kibaba au chupa: kila mmoja wao hutumia maji kiasi gani katika udhu mmoja?